Nilivyokwenda Mlambalasi, mimi mjukuu wa Wasangu



Wiki chache zilizopita rafiki yangu niliyesoma naye chuo alirudi kutoka Uturuki. Alikwenda kufuata nguo za duka lake la Kariakoo, akachepuka siku mbili hadi Cappadocia. Akatumwagia picha kwenye kundi letu la WhatsApp: nyumba zilizochongwa ndani ya miamba laini ya majivu ya volkano, makanisa ndani ya mawe, na ule mji wa Derinkuyu uliochimbwa kwenda chini ghorofa kwa ghorofa, ambamo watu walijificha na mifugo yao adui alipokuwa akipita juu. Kwa kweli ni maajabu. Tukampongeza wote. Kisha akaandika: "Wenzetu wana historia jamani. Sisi babu zetu walikuwa wanalala wapi? Chini ya mti?"

Watu wakacheka. Mimi nikajibu kwa hasira kidogo: "Sisi tuna Mlambalasi."

"Mlamba nini?"

Hapo ndipo niliposhikwa pabaya, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kufika. Nafanya kazi ya uandishi Mbeya, nimepita Iringa mara zisizohesabika nikienda Dar na kurudi, nimekula chipsi pale Ipogolo zaidi ya nilivyokula nyumbani kwa shangazi yangu, lakini Mlambalasi, kama kilomita 50 tu kutoka Iringa mjini, sijatia mguu. Na sababu haikuwa nauli. Sababu ilikuwa bibi yangu.

Nieleze kidogo, wadau, la sivyo hamtanielewa huko mbele.

Kwa baba mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Kwa mama ni Msangu wa Mbarali, kule kwenye mpunga. Bibi mzaa mama anaishi Igurusi, amevuka miaka themanini, na katika nyumba yake kuna jina ambalo halitamkwi. Akilazimika kumtaja husema "yule wa Kalenga". Tukiwa watoto tulidhani ni mtu aliyemdhulumu shamba. Nilikuwa darasa la tano mwalimu alipotufundisha habari za shujaa Mkwawa aliyewachapa Wajerumani, nikaenda likizo Igurusi nimejaa sifa, nikaimba jina lile uani. Bibi aliacha kupepeta mchele. Akaniambia, "Mtu huyo alitulaza porini."

Historia ya Wasangu haimo sana kwenye vitabu vya shule, kwa hiyo niipitie haraka. Katikati ya karne ya 19 wababe wa Nyanda za Juu Kusini walikuwa Wasangu, chini ya watawala wao wa ukoo wa Merere. Mbinu za vita walizichukua kwa Wangoni waliotoka kusini, na Wahehe nao wakazichukua kwa Wasangu. (Bibi hupenda kusema, "Kupigana tuliwafundisha sisi.") Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliziunganisha himaya ndogondogo za Uhehe kuwa dola moja, na katika miaka ya 1870 dola hiyo ikawasukuma Wasangu nje ya bonde lao. Merere na watu wake wakakimbilia milimani upande wa Usafwa, karibu na hapa Mbeya mjini. Ndiyo maana mpaka leo tuna Utengule mbili, moja huku Mbalizi na nyingine kule Usangu.

Wajerumani walipoingia, Merere aliwaona kama njia ya kurudi nyumbani. Akashikana nao mkono dhidi ya Wahehe, na kabla karne haijaisha Wasangu wakarejea bondeni. Kwenye vitabu vya mashujaa mtu kama huyo ana jina lake, mnalijua. Kwa bibi yangu alikuwa mzee aliyewarudisha watu kwenye mashamba yao.

Na kuna kubwa zaidi. Babu yake bibi, ambaye bibi alimkuta akiwa mzee kipofu, inasemekana katika ukoo wetu alikuwa miongoni mwa vijana waliobeba mizigo ya Wadachi wakati wa kumsaka Mkwawa. Hakupiga bunduki, alibeba mizigo tu. Lakini alikuwa upande ule.

Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo anakwendaje kwenye kaburi la Mkwawa kupiga picha?

*

Nilimwambia mhariri wangu nakwenda kuandika makala ya utalii wa ndani. Akasema sawa, maneno 600, na picha iwe na watu.

Nilitoka Mbeya alfajiri. Uyole, Inyala, Igurusi (nikapita kimya kimya kama mwizi), Chimala, Igawa, kisha Makambako na baridi yake, Mafinga na harufu ya mbao. Kabla ya kufika Iringa, kama kilomita 20 hivi, kuna kibao cha Isimila. Nikamwomba konda anishushe.

Isimila wengi tumeikariri kidato cha kwanza, tena kwa Kiingereza, tukajibu mtihani na kusahau. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipita kutoka Afrika Kusini aliokota mawe yaliyochongwa kwenye korongo lile, na mwaka 1957 na 1958 timu ya Mmarekani F. Clark Howell ikachimba rasmi. Walikuta mashoka ya mkononi kwa wingi wa ajabu, pamoja na mifupa ya aina ya kiboko ambayo haipo tena duniani. Vipimo vya baadaye viliyapa yale mawe umri wa miaka 260,000 hivi. Nililishika moja. Ni zito, limekaa kiganjani kama lilichongwa kwa ajili yangu, na makali yake bado yanaweza kukukata.

Ila Isimila hapakuwa nyumba. Palikuwa kando ya ziwa dogo lililokauka, mahali pa kazi, pa kuchuna na kukatakata. Zile nguzo ndefu za udongo ambazo watu huja kupigia picha za harusi ni kazi ya mvua na upepo, hazikuchongwa na mtu. Nikimjibu rafiki yangu kwa Isimila atasema, "Sawa, walifanya kazi. Walilala wapi?"

Nikaendelea na safari.

Iringa mjini nililala nyumba ya wageni yenye blanketi tatu na bado nikatetemeka. Asubuhi nikashika njia ya Ruaha, ile inayokwenda hifadhini. Kama kilomita 15 unafika Kalenga.

Kalenga ilikuwa ngome. Neno lenyewe Iringa linatokana na "lilinga", yaani boma kwa Kihehe. Mkwawa aliizungushia makao yake makuu ukuta mkubwa wa mawe na udongo baada ya kusikia habari za Wajerumani wa pwani. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake lilivizia msafara wa Emil von Zelewski pale Lugalo na kuufyeka, Zelewski mwenyewe akafa. Ninyi wa Dar mnaopita kambi ya Lugalo na hospitali yake kila siku, jina mnalolisoma kibaoni ndilo hilo. Wajerumani walijipanga miaka mitatu. Tarehe 30 Oktoba 1894 wakaipiga Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Kilima walichopigia ni upande wa Tosamaganga, na wenyeji husema jina hilo maana yake ni kurusha mawe. Mkwawa hakukamatwa. Akatoweka kwenye misitu na mawe kwa karibu miaka minne.

Kwenye makumbusho madogo ya Kalenga kuna fuvu ndani ya kisanduku cha kioo. Nilisimama mbele yake nisijue mikono niiweke wapi.

Kisa cha fuvu hilo kinajulikana, lakini kila ukikisoma unashangaa upya. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita ya Kwanza ya Dunia, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Yaani mataifa makubwa yamekaa Ufaransa wanagawana dunia, na katikati ya mambo ya mipaka na fidia kuna kichwa cha mtu wa Iringa. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka thelathini. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilifuata mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu yalikuwa mengi, na likachaguliwa kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu zake Mkwawa waliokuwa hai, pamoja na alama ya risasi. Mwaka 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Wapo wanaouliza mpaka leo kama kweli ndilo. Mimi nilipolitazama sikujiuliza hilo. Nilijiuliza kama babu yake bibi aliwahi kuuona uso wake.

*

Kutoka Kalenga nilichukua bodaboda. Dereva alikuwa kijana wa rika langu, mchangamfu, na kwa kuwa nilimwambia natoka Mbeya akaanza utani wa kawaida, mimi nikajibu kwa utani wa mbwa, yeye akajibu kwa mwingine, tukacheka njia nzima mpaka Kidamali. Halafu nikatoa ule wa Wahehe na kamba, ambao kila Mtanzania anaujua na tumeutoa sana hosteli. Hakucheka. Aliendesha kimya kama kilomita mbili hivi, kisha akasema bila kugeuka, "Kaka, huko tunakokwenda ndiko mtu alikojiua ili asikamatwe." Niliomba radhi. Sidhani kama nitautoa tena.

Nchi yote ile imejaa mawe. Kama hujafika Iringa, fikiria mtu amemwaga mawe ya granaiti makubwa kama malori, mengine kama nyumba, juu ya vilima, na kuyaacha yaegemeane yanavyotaka. Panapoegemeana panazaa uvungu na vyumba. Ukiwa umekulia huku unayaona kila siku na huyaoni.

Mlambalasi kaburi liko chini, pango liko juu yake mlimani. Tulimkuta mzee mmoja anayeangalia mahali pale, amevaa koti la suti na kandambili.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Mbeya."

"Mbeya ni kubwa. Wewe mtoto wa nani?"

Wadau, swali hilo nilikuwa nimelijua tangu Igurusi. Ningeweza kusema Mnyakyusa wa Rungwe na lisingekuwa uongo. Nilifungua mdomo kusema hivyo hivyo, lakini nikasikia nasema, "Mama yangu ni Msangu."

Yule mzee alinitazama, akamtazama dereva wa bodaboda, akanitazama tena.

"Msangu," akasema. "Basi umekuja kuhakikisha kama kweli amekufa?"

Akacheka mpaka akashika goti. Dereva akacheka. Mimi nikacheka, lakini machozi yalikuwa karibu kuliko kicheko. Kisha akanishika mkono akanipeleka kaburini, na hapo akavua kofia, nami nikainamisha kichwa. Pale amelala Mkwawa bila kichwa chake. Kichwa kiko Kalenga, mwili uko hapa, kati yao kuna mwendo wa saa moja hivi kwa pikipiki.

Mzee alisimulia mwisho wake kwa sauti ya kawaida, kama anasimulia msiba wa mwaka jana. Wajerumani waliweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa, na kwa miaka ile fedha hiyo ilikuwa utajiri wa kutisha. Watu waliendelea kumlisha na kumficha. Wajerumani wakachoma vijiji na vyakula, njaa ikaingia. Mwishoni alikuwa mgonjwa, na amebaki karibu peke yake. Tarehe 19 Julai 1898 kikosi cha Sajini Merkl kilimkaribia. Waliona watu wawili wamelala karibu na moto, wakawafyatulia risasi. Kumbe walikwisha kufa, Mkwawa amejipiga risasi mwenyewe. Sajini akaamuru kichwa kikatwe.

"Na walioonyesha njia," nikauliza, "walikuwa watu gani?"

"Watu wa kila namna," akajibu. "Wenye njaa." Hakuendelea.

*

Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kutafuta pa kupigia picha yenye watu, kama mhariri alivyotaka. Mzee akaniuliza, "Na wale wa juu huwasalimii?"

Tukapanda. Pango la Mlambalasi si shimo refu la giza kama Amboni kule Tanga, au kama lile la popo kule Songwe. Ni mawe makubwa yaliyoegemeana juu ya mlima yakafanya makazi: chumba kikubwa mbele, na kingine kidogo nyuma. Ndani kuna ubaridi mzuri. Ukikaa mlangoni unaona bonde lote, mnyama akipita unamwona, adui akija unamwona. Kama ningekuwa natafuta nyumba bila hela ya mbao wala ya saruji, ningechagua hiyo.

Hapo, ndugu zangu, ndipo palipo jibu la swali la rafiki yangu. Lile tabaka la juu la vumbi ni la juzi, la karne ya Mkwawa. Chini yake kuna zama za chuma, vigae vya vyungu na takataka za wafua chuma. Chini zaidi ni Zama za Mawe za Mwisho, vijiwe vidogo vikali na shanga za ganda la yai la mbuni. Na kwenye mteremko mbele ya pango yamo mawe ya Zama za Mawe za Kati. Watu walikuja, wakaondoka, wakaja wengine, kwa makumi ya maelfu ya miaka. Cappadocia kuna ghorofa za kwenda chini, na hapa vilevile, tofauti ni kwamba hapa hawakuchimba. Walihamia tu juu ya wenzao.

Baada ya uchimbaji mdogo wa Paul Msemwa mwaka 2002, timu ya Profesa Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ilichimba kwa upana zaidi mwaka 2006 na 2010. Mzee anawakumbuka. Vijana wa kijiji, anasema, walidhani Wazungu wamerudi kufukua mali ya Mjerumani. Msicheke. Hadithi ya dhahabu na rupia zilizofichwa na Wajerumani ipo mkoa mzima, na wapo watu wanaoingia kwenye mapango usiku na majembe kutafuta. Wanachokipata ni vigae na mifupa, wanavitupa nje. Ukurasa wa historia uliokaa miaka elfu kumi unatupwa nje kwa jembe moja usiku mmoja. Hilo ningependa mamlaka walisikie, maana mlinzi mwenyewe ni mzee mwenye kandambili.

Wachimbaji hawakupata dhahabu. Walipata watu. Chini kabisa ya sehemu waliyochimba palikuwa na mifupa ya mtu mzima mmoja na mabaki ya wengine, waliozikwa humo ndani mwishoni mwa zama za barafu. Yule mtu mzima alikuwa na umbo dogo, na meno yake yalikuwa yamesagika na kutoboka. Nilipolisoma hilo nilimhurumia. Maumivu ya jino, Iringa, na baridi ile!

Mwaka 2022 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu sita wa kale waliozikwa Tanzania, Malawi na Zambia, wa zamani zaidi akifikia miaka 18,000 hivi. Mlambalasi imo. Na matokeo ndiyo yaliyonifanya nikae chini. Watu hao hawakuwa wa kabila moja safi lililokaa mahali pamoja tangu dunia iumbwe. Walikuwa mchanganyiko wa nasaba tatu zilizotengana tangu zamani sana: moja ya Afrika Mashariki, moja yenye undugu na wawindaji wa kusini mwa Afrika, na moja yenye undugu na watu wa misitu ya kati, upande wa Kongo. Watu walitembea mbali, wakaoana na wageni, wakazaa.

Shanga zinasema jambo linalofanana na hilo. Si mbali na hapo kuna pango jingine, Magubike, ambalo timu hiyo hiyo ililichimba, likatoa meno ya binadamu wa Zama za Mawe za Kati na shanga za ganda la mbuni za umri unaokaribia miaka 50,000. Mwaka 2022 huohuo Jennifer Miller na Yiming Wang walilinganisha shanga zaidi ya 1,500 kutoka sehemu mbalimbali za mashariki na kusini mwa Afrika. Wakakuta kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita watu walioishi kilomita 3,000 mbali walikuwa wakitengeneza shanga zinazofanana karibu kabisa. Baadaye mawasiliano yakakatika, kila upande ukashika mtindo wake.

Na tukumbuke, sisi wasemaji wa lugha za Kibantu tumefika ukanda huu ndani ya miaka elfu mbili na kitu tu. Hakuna Mhehe wala Msangu anayeweza kusimama mlangoni pale akasema wa chini kabisa ni wa kwake peke yake. Hata ukoo wa Mkwawa wenyewe, kwa masimulizi yao, unaanzia kwa mwindaji mgeni aliyepita akazaa na binti wa mwenyeji.

Nilimweleza mzee habari za zile nasaba tatu kadiri nilivyoweza, bila maneno ya maabara. Alisikiliza akichora vumbini kwa kijiti.

"Kwa hiyo walikuwa wageni," akasema.

"Mchanganyiko, mzee. Kama mimi."

"Hapana. Wewe ni Msangu." Akacheka tena. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nalo kwenye daftari: "Na vichwa vyao? Walivirudisha?"

Nikamwambia nitaulizia. Nimeandika barua pepe mbili mpaka sasa, nasubiri. Nadhani mtu aliyekaa maisha yake yote akilinda kaburi lisilo na kichwa ana haki ya kujua.

*

Makala yangu ilitoka gazetini wiki iliyofuata. Maneno 430. Wasangu walikatwa wote, Merere akakatwa, na mtu wa jino bovu pia. Ikabaki "Tembelea Pango la Shujaa" na picha ya dereva wa bodaboda amesimama kaburini. Sikulalamika, kazi ni kazi. Ndiyo maana mnasoma hapa.

Picha ya pango nilimtumia rafiki yangu wa Kariakoo. Amejibu, "Pazuri, ila hakuna hoteli ya ndani ya pango kama kule." Huyo nimemwachia Mungu.

Wakati wa kurudi, Igurusi sikupita kimya kimya. Nilishuka. Nilimkuta bibi uani, nikamsalimia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia nilikokuwa. Nilitamka jina. Mkono wake ulisimama juu ya ungo kama siku ile ya darasa la tano, lakini hakunifukuza.

Baada ya muda akauliza, "Kaburi lake wanalifagia?"

"Limefagiwa, bibi."

"Wamekuuliza wewe ni nani?"

"Wameniuliza. Nikawaambia."

"Wakasemaje?"

Nikamwambia alivyosema mzee, kuhusu kuja kuhakikisha kama kweli amekufa. Bibi alijizuia, mdomo ukamtetemeka, mwisho akacheka kicheko cha kikohozi mpaka mama mdogo akatoka jikoni kuona kuna nini.

Halafu akaomba simu. Picha ya kaburi aliipita haraka. Ya pango aliitazama muda mrefu, ameisogeza karibu na jicho lake zima. Nikamweleza kwamba watu walikaa humo miaka mingi sana, kabla ya Merere, kabla ya Munyigumba, kabla ya Wangoni, kabla ya kuwa na Mhehe au Msangu.

"Mvua ikinyesha hapavuji?"

"Hapavuji, bibi."

"Na maji ya kunywa?"

"Nadhani walishuka bondeni kuteka."

Akanirudishia simu, akaendelea kupepeta.